Jinamizi na Nyanya Jirani

Nawaomba mnitegee sikio kidogo, maana nina deni la kulipa na deni lenyewe si la pesa.

Muhula wa pili mwaka jana nilikuwa nikiamka saa kumi alfajiri nimalize kazi ya ziada kabla ya kushika njia ya shule. Sisi wa kutwa mnatujua. Usiku nao vitabu sikuvifunga hadi saa sita. Alfajiri moja macho yalifumbuka kabla ya saa kulia. Niliiona sare yangu imetundikwa msumarini, nikamsikia ndugu yangu mdogo akikoroma. Nikataka kugeuka. Lahaula! Mkono haukuinuka, mguu haukusogea, ulimi ukawa mzito kama gogo. Kisha nikahisi uzito kifuani, na pale mlangoni penye giza nikaona ajuza aliyejitanda leso akinijia. Nilipiga mayowe lakini sauti haikutoka. Baada ya muda mfupi, ambao kwangu ulikuwa kama mwaka, mwili ulifunguka ghafla nikaketi, jasho likinitiririka.

Kosa langu nililifanya jikoni. Nilipokuwa nikimsimulia mamangu, shangazi alikuwepo, naye akauliza, "Huyo ajuza alifanana na nani?" Sikuwa nimeuona uso wake hata kidogo. Lakini nilikuwa nimeulizwa, nikajibu: alifanana na nyanya wa ng'ambo ya ua, yule anayetuuzia mandazi.

Kufikia Jumamosi mtaa mzima ulikuwa na habari. Watoto waliokuwa wakipanga foleni kwake asubuhi wakaanza kupitia njia nyingine. Jioni moja jiwe lilitua juu ya mabati yake, nami nikalisikia kutoka chumbani mwangu. Nanyi mnajua kwamba katika nchi hii, hasa kule Kilifi, wazee wameuawa kwa uvumi wa namna hii hii. Nikawa silali kwa hofu, na kadiri nilivyokosa usingizi ndivyo jinamizi lilivyozidi kurudi.

Aliyenitoa gizani ni mwalimu wetu wa Bayolojia. Tulikuwa tukisoma habari za neva, nikainua mkono nikauliza. Darasa likaangua kicheko. Mwalimu hakucheka. Alituuliza kama tumewahi kumtazama mbwa aliyelala fofofo. Miguu yake hutikisika, midomo humcheza, hata hubweka kidogo, lakini hainuki akakimbia. Kwa nini?

Kumbe mwaka wa 1953, huko Chicago, Eugene Aserinsky na mwalimu wake Nathaniel Kleitman walitangaza kwamba usingizi una kipindi ambapo macho huchezacheza kwa kasi chini ya kope, na anayeamshwa wakati huo mara nyingi husema alikuwa akiota. Katika kipindi hicho shina la ubongo hupeleka amri kwenye uti wa mgongo, misuli ilegee, ili mtu asitende anayoyaota. Huko Ufaransa, Michel Jouvet alichunguza paka ambao sehemu ndogo ya shina hilo ilikuwa imeharibiwa. Wakiwa usingizini waliinuka, wakanyatia na kurukia mawindo yasiyokuwepo! Na farasi je? Yeye husinzia wima, lakini usingizi wa aina hii humlazimu alale chini, la sivyo magoti yatamsaliti.

Basi wakati mwingine ubongo huamka kabla ya mwili kufunguliwa. Macho yanaona chumba chako halisi, na ndoto nayo haijakwisha. Kiwambo kinaendelea kukuvutia pumzi, lakini misuli mingine ya kifua imelegea, kwa hiyo ukijaribu kuvuta pumzi kwa nguvu hupati, unahisi umekaliwa. Sehemu ya ubongo inayoshughulikia hofu iko macho kabisa, inatafuta adui, na isipomwona inamtengeneza. Usingizi wa ndoto nyingi huja kuelekea alfajiri, na wanaokosa kulala vya kutosha, au wanaolala chali, ndio hukabwa zaidi. Mimi nilikuwa na yote mawili!

Lililonichoma zaidi ni hili: huko Newfoundland, nchini Kanada, watu huliita jambo hili kwa jina lenye maana ya ajuza. Nao walimwona bibi kizee akiwakalia kifuani. Je, nyanya wetu wa mandazi alifikaje Kanada?

Jioni hiyo nilimweleza mamangu yote, na shangazi pia, ingawa shangazi alisema tu, "Haya, msomi." Siku hizi ninazima taa saa nne na kulala ubavu. Jinamizi limenijia mara moja tu tangu wakati huo. Nililijua, nikatulia, nikajaribu kutikisa kidole kimoja hadi likaniacha.

Kwa nyanya nilikwenda Jumapili. Miguu ilikuwa mizito kuliko siku ile ya kitandani. Nilimwamkia, "Shikamoo nyanya," nikamwambia kwamba neno lile lilitoka kinywani mwangu, na kwamba halikuwa kweli. Aliendelea kugeuza mandazi yake kwenye mafuta. Kisha akasema, "Marahaba. Hata mimi hunikaba, mjukuu wangu. Tangu nikiwa msichana."

Nikamuuliza yeye humwona nani.

"Kizee mmoja," akasema. "Simjui ni wa wapi."

Alinifungia mandazi sita nami nikalipia sita. Wateja wake wengine hawajarudi wote.