Kenge Ndani ya Nyumba: Tupime Kwanza Kizimba Chake



Ndugu wazazi, nanyi wanafunzi mlio likizo, leo tunapenda kuwashirikisha jambo lililotushughulisha nyumbani kwetu hapa Kinyinya kwa wiki nzima. Watoto wetu walikwenda na shule yao kutembelea Hifadhi ya Akagera, wakawaona kenge wakiota jua kando ya ziwa. Waliporudi, kijana mmoja wa mtaani akawaambia anaweza kuwapatia kinda. Basi wakatujia na ombi: tuwajengee kizimba ndani ya stoo.

Hatukutaka kuwakatalia tu. Mtoto anayekatazwa bila kuelezwa sababu hufanya kwa siri. Tukawaambia walete daftari, tupige hesabu pamoja: kizimba kinachomfaa kenge kinakuwaje?

1. Ukubwa
Kenge wa maji anapoanguliwa hazidi sana rula ya shule. Akikua hufika mita 1.5, na wengine huvuka mita 2. Wafugaji wazoefu hushauri kizimba chenye urefu mara 2 ya mnyama, na upana sawa na urefu wake. Kwa kenge wa mita 2 hiyo ni mita 4 kwa 2. Tukachora kwa chaki kwenye sakafu ya sebule. Ilibidi makochi yote yatolewe. Habari ya stoo ikaishia hapo.

2. Joto
Kenge hutegemea jua kupasha mwili wake. Anahitaji pahali pa kuota penye nyuzi 45 hadi 50 au zaidi, na upande wa pili wa nyuzi 26 hivi, apate pa kukimbilia. Kigali iko juu, karibu mita 1,500, na usiku joto hushuka hadi nyuzi 15 au 16. Kwa hiyo zinatakiwa balbu za joto zenye wavu asijiunguze, kidhibiti joto, na taa ya miale ya UVB, maana akikosa miale hiyo mifupa yake hulainika. Na bili ya umeme je?

3. Udongo na maji
Kenge ni mchimbaji. Porini jike hutoboa kichuguu na kutaga humo; mchwa huziba tundu, na joto la kichuguu huyalea mayai. Subhanallah! Nusu mita ya udongo katika kizimba chetu ni mita za ujazo 4, uzito wa zaidi ya tani 4. Dimbwi la mita 1.5 kwa 1, kina sentimita 40, ni lita 600, yaani madumu 30 ya lita 20. Naye hujisaidia humo humo, hivyo maji hubadilishwa kila mara. Watoto, ambao ndio wabebaji wa maji bomba likikauka, wakatazamana.

4. Usalama
Ana meno, ana kucha, na mkia wake ni mjeledi. Reptilia pia huweza kubeba vijidudu vya salmonela, ambavyo ni hatari zaidi kwa watoto walio chini ya miaka 5. Na huweza kuishi zaidi ya miaka 10. Aliyemwomba atakuwa ameshaoa na kuhama, kenge kaachiwa mama.

Wapo walioshindwa na hesabu hii. Huko Cape Coral, Florida, kenge hawa wa Afrika walianza kuonekana mwaka 1990, wakitokana na biashara ya wanyama wa kufugwa. Walizaliana, na hadi leo wanasumbua huko.

Dini yetu haikukataza watoto kufurahia wanyama. Mtume (SAW) alikuwa akimuuliza mtoto Abu Umayr habari za ndege wake mdogo. Lakini alitueleza pia habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka: alimfungia, hakumlisha, wala hakumwachia ajitafutie. Anayemfungia mnyama amebeba dhamana yake yote.

Hapa Rwanda tuna mfano wa karibu. Korongo wenye taji, tunaowaita imisambi, walikuwa wakifugwa kwa wingi kama mapambo katika bustani za nyumba na hoteli, wengine wakikatwa mbawa wasiruke. Mwaka 2014 daktari wa wanyama Olivier Nsengimana alianza juhudi za kuwarudisha porini. Waliokuwa wazima walipelekwa Akagera. Walioharibiwa mbawa wasiweze kuruka tena wanatunzwa Umusambi Village, hapa hapa Kigali. Hesabu ya mwaka 2017 ilipata korongo 487 tu nchini. Miaka michache baadaye walizidi 1,000, alhamdulillah. Wale wasioruka walipendwa na wenyewe pia.

Basi tuliwaambia watoto yaliyobaki: mnyama wa porini hafugwi Rwanda bila kibali, na kinda la yule kijana lingekuwa la wizi. Mmoja wao alilia. Tulimwacha alie, kwani mapenzi yake yalikuwa ya kweli. Kesho yake alimwambia kijana yule mwenyewe kwamba hatumtaki.

Wazazi wenzetu, mtoto akiomba mnyama, awe sungura, njiwa au paka, mpeni chaki kwanza. Achore nyumba ya mnyama huyo akiwa mkubwa, ahesabu chakula na maji yake ya mwaka mzima, na aseme nani atamtunza yeye akiwa shuleni. Hesabu ikikubali, mjengeeni. Ikikataa, mpelekeni mtoto akamtazame mnyama pale Allah (SW) alipomjaalia kuishi.