Bahari ya Azov na Majina Yake

Mtu akitajiwa bahari, fikra yake hukimbilia kilindi. Lakini iko bahari moja kati ya Ukraine na Urusi ambayo hata pale penye kina kirefu kuliko pote hapazidi mita 14 au zaidi kidogo, na kwa wastani ni mita saba tu. Lau ingesimamishwa humo minara ya misikiti yetu, mingi ingetokeza juu ya maji pamoja na vipaza sauti vyake. Ramani za leo zinaiita Bahari ya Azov. Eneo lake ni kilomita za mraba 39,000 hivi, yaani zaidi kidogo ya nusu ya Ziwa Victoria.

Mlango wake ni mmoja tu, mlango bahari wa Kerch, unaofungukia Bahari Nyeusi. Mito ya Don na Kuban huimwagia maji baridi na tope, ndiyo maana chumvi yake ni haba kuliko ya Bahari ya Hindi, na majira ya baridi kali sehemu zake huganda. Upande wa magharibi, ulimi wa mchanga wa Arabat, wenye urefu wa zaidi ya kilomita 100, umeitenga na maji mafupi ya Sivash, ambayo Warusi na Waukraine huyaita Bahari Iliyooza kwa sababu ya uvundo wake wakati wa joto.

Wagiriki wa kale waliiita Maiotis, wakaihesabu kuwa ziwa. Herodotus alidhani ukubwa wake haupungui sana ule wa Bahari Nyeusi, naye alizidisha mno. Warumi wakaishusha hadhi, wakaiita kinamasi. Polybius akahukumu kuwa tope la mito litaijaza hadi iwe nchi kavu. Imepita miaka elfu mbili na ushei, na merikebu zingali zikielea.

Wanajiografia wa Kiislamu walilipokea jina hilo kwa matamshi ya Mayutis, na baadhi yao wakaiita bahr, yaani bahari. Jirani yake, Bahari Nyeusi, Wagiriki waliiita Pontos, na kwa Kiarabu ikaandikwa Buntus. Kisha nukta zikahama mikononi mwa wanakili, Buntus ikasomwa Nitas, na kosa hilo likarithiwa na kitabu baada ya kitabu. Aliyewahi kufumbua hati ya zamani isiyo na nukta hatastaajabu, kwani ba, nuni na ya zikiwa katikati ya neno hazina cha kuzipambanua ila nukta.

Msomaji wa pwani ana sababu ya kumkumbuka al-Mas'udi hapa. Mwanachuoni huyu wa karne ya 10 alisafiri katika bahari yetu hadi Qanbalu, kisiwa ambacho wengi hukiona kuwa ndicho Pemba. Katika Muruj al-Dhahab anataja dai la watu kwamba Mayutis imeungana na Bahari ya Khazar, tunayoiita leo Kaspi. Hakuridhika nalo. Aliwauliza wafanyabiashara na mabaharia waliofika pande hizo, asipate hata mmoja anayeijua njia hiyo ya maji, naye akalikataa. Napendezwa sana na mwenendo huo: kauli imeenea vitabuni, naye anakwenda kumwuliza aliyepita.

Ibn Battuta naye alifika Kilwa mwaka 1331, na baada ya miaka michache alikuwa ndani ya gari la kukokotwa, akivuka nyika kutoka Crimea kuelekea mji wa Azaq, kwenye mdomo wa Don. Alikuta wafanyabiashara wa Genoa, na farasi wa bei rahisi mno waliopelekwa kwa maelfu hadi India. Waitaliano waliuita mji huo Tana, nao katika ramani zao wakaiita bahari kwa jina hilo la soko lao.

Azaq ni neno la Kituruki, ambalo kwa kawaida hufasiriwa kuwa ni mahali pa chini, bondeni. Waothmani walipoutwaa mji mwaka 1475, bahari ikawa Azak Denizi. Tsar Peter akauteka mwaka 1696, akalazimika kuurudisha mwaka 1711, na baadaye Warusi wakauchukua moja kwa moja. Wao hutamka Azov. Basi dunia nzima inapolitaja jina hilo, inataja kwa ulimi wa Kirusi mji alioukuta Ibn Battuta.

Hata neno "bahari" lenyewe lina mgogoro. Mwaka 2003 Urusi na Ukraine zilikubaliana kuwa haya ni maji yao ya ndani, wala si bahari iliyo wazi kwa mataifa, hata manowari ya kigeni isiingie bila idhini. Mwaka 2018 Urusi ikafungua daraja juu ya Kerch, na meli ndefu kwenda juu zikashindwa kupita chini yake. Tangu 2022 pwani yote imo mikononi mwa jeshi la Urusi, na mwaka uliofuata Ukraine ikajitoa katika mkataba ule.

Watatari wa Crimea, Waislamu waliohamishwa kwa nguvu mwezi Mei 1944, walishuhudia vijiji vyao vingi vikibandikwa majina ya Kirusi baada ya kuondolewa. Bahari haikubandikwa jipya. Katika lugha yao ingali Azaq, na Sivash, neno linalonasibishwa na tope, limebaki katika ramani za pande zote mbili.