Mkate wa Piza Usio na Ngano: Chakula Kimoja kwa Nyumba Nzima

Chakula katika nyumba zetu hakikusudiwi kushibisha tumbo peke yake. Sinia huwekwa kati, watu wakalizunguka, mikono ikakutana, na hapo ndipo mtoto anapojifunza, bila ya kuambiwa, kwamba yeye ni wa watu hawa. Ndiyo maana, inapotokea kwamba mmoja wa wanaolizunguka sinia hawezi kula kile walacho wenziwe, jambo hilo haliishii jikoni. Nimeishi nalo kwa miaka minne sasa, na leo napenda kuwasimulia wasomaji wa ukurasa huu kwa kupitia chakula ambacho watoto wa siku hizi wanakililia kuliko vyote: piza.

Binti yangu ana umri wa miaka 11. Alipokuwa na miaka saba alikuwa mfupi kuliko wenziwe wote wa madrasa. Tumbo lake lilikuwa likijaa kila baada ya chakula, choo kilikuwa laini mara kwa mara, na upungufu wa damu ulikuwa ukirudi kila dawa ya kuongeza damu ilipokwisha. Alitibiwa minyoo, akatibiwa malaria, akatibiwa minyoo tena. Hatimaye daktari mmoja wa watoto akaagiza damu yake ipimwe kingamwili za aina maalumu, kisha kikachukuliwa kipande kidogo cha utando wa utumbo mwembamba kwa kutumia mpira wenye kamera. Jibu likaja: ana ugonjwa uitwao siliaki.

Ngano, shayiri na nafaka ya rai zina protini inayojulikana kwa jina la gluteni. Ndiyo inayoufanya unga wa chapati uvutike bila ya kukatika, na ndiyo inayoizuia hewa ya hamira isitoke, mkate ukaumuka. Kwa watu wengi haina dhara lolote. Kwa mwenye siliaki, kila inapofika katika utumbo mwembamba, kinga ya mwili huishambulia, na katika mashambulizi hayo huharibu vijinyuzi vidogo vya utumbo ambavyo kazi yake ni kufyonza chakula. Mtoto anakula, lakini mwili haupati. Hakuna dawa ya kumeza inayoondoa ugonjwa huu. Tiba yake ni kuacha gluteni kabisa, maisha yote, na anayeiacha utumbo wake hupona na mwili hurudi kustawi. Alhamdulillahi, binti yangu alirefuka kwa sentimita nyingi ndani ya mwaka wa kwanza.

Nilipowaeleza jamaa, wengi walisema kuwa hayo ni maradhi ya Wazungu. Sivyo. Wasahrawi, ndugu zetu wa Sahara Magharibi ambao maelfu yao wanaishi katika kambi za wakimbizi huko Algeria, ndio waliokutwa na siliaki kwa wingi kuliko watu wengine wowote waliopimwa: utafiti uliotangazwa mwaka 1999 uliwapima watoto 990 na kukuta zaidi ya watano katika kila 100 wana ugonjwa huo. Na chakula kikuu cha msaada kinachofika katika kambi hizo kimekuwa ni unga wa ngano.

Hata namna ulivyogunduliwa uhusiano wa ngano na maradhi haya inafaa kusimuliwa. Daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Karel Dicke, alikuwa akiishuku ngano tangu miaka ya 1930. Katika majira ya baridi ya 1944 hadi 1945, wakati wa vita, mkate ulikosekana nchini mwake na watu wakala hata mizizi ya maua. Watoto wenye siliaki, katikati ya njaa ile, walipata nafuu. Mkate uliporudi, maradhi nayo yalirudi. Mwaka 1950 Dicke aliyaandika matokeo yake, na tangu hapo chanzo kikajulikana.

Kulijua hili ni jambo moja, na kuishi nalo ndani ya nyumba ni jambo jingine. Mama mkwe wangu, ambaye tunaishi naye hapa Tanga, alizaliwa Pemba, na mapenzi yake yote hupitia mikononi: chapati, maandazi, sambusa, kaimati za Ramadhani. Kwake yeye, kumnyima mjukuu chapati kulikuwa kama kumnyima radhi.

“Mwanangu,” aliniambia, “kidogo hakidhuru. Ampe mkono wake tu, aonje.”

“Mama, kwake yeye kidogo ndicho kinachodhuru.”

Alinyamaza, lakini niliona kuwa amehuzunika. Nami sikumlaumu, kwani hicho kidogo chenyewe ni vigumu kukifikiri. Kanuni za kimataifa zinaruhusu chakula kiitwe kisicho na gluteni iwapo gluteni iliyomo haizidi miligramu 20 katika kilo nzima. Unga uliobaki kwenye kibao cha kusukumia chapati, chekeche lililochekechea ngano jana, mafuta yaliyokaangia maandazi: vyote hivyo vinaweza kupita kiwango hicho bila ya jicho kuona kitu.

Basi tukafanya kama wafanyavyo wengi. Tukamtengea binti sahani yake, kikombe chake, sufuria yake na pembe yake ya meza. Mwili ukanufaika, lakini kitu kingine kikaanza kudhoofika. Siku za piza, ambazo wadogo zake wanazingojea kwa hamu, yeye alichukua sahani yake ya wali akaenda kula chumbani. Siku moja ya Iddi alikataa kwenda kwa majirani. Nilipomuuliza sababu, alinijibu kwa sauti ya kawaida kabisa: “Mama, nikienda watu wanahangaika kwa ajili yangu.” Mtoto wa miaka minane alikwishaanza kujiona mzigo.

Hapo baba yake nami tukakubaliana kwamba chakula kinachoweza kuliwa na wote ndicho kitakachopikwa nyumbani. Ngano itoke. Na kwa kuwa piza ndiyo iliyomfukuza chumbani, kwanza tuanze na piza.

Maelekezo niliyoyapata yalitaka unga ukandwe, usukumwe na kutandazwa kama wa ngano. Lakini unga wa mchele au wa mtama hauna kitu cha kuushika. Ukiukanda hupasuka, na ukiuoka huwa kigae. Siku moja mama mkwe alisimama mlangoni mwa jiko akinitazama, kisha akauliza, “Huu unga wa nini?” Nikamwambia wa mchele. Akacheka.

“Unga wa mchele haukandwi, mwanangu. Unamiminwa. Wewe hujawahi kuniona nikipika mkate wa kumimina?”

Neno lile lilifungua mlango. Watu wa Pwani na visiwani wamekuwa wakioka mkate wa mchele tangu zamani: mchele unarowekwa, unasagwa na tui la nazi, unatiwa hamira, sukari na iliki, unaachwa uumuke, kisha unamiminwa katika sufuria na kupaliwa moto juu na chini. Mkate ule hauna hata chembe ya ngano, na unaumuka vizuri, kwa sababu uji wake ni mzito kiasi cha kuizuia hewa hadi moto uushike. Vitumbua navyo ni hivyo hivyo. Kumbe elimu tuliyokuwa tukiitafuta mbali ilikuwa imekaa jikoni kwetu. Kilichohitajika ni kuuondoa utamu na kuufanya uji uwe mzito zaidi, ili mkate ubebe sosi na jibini bila ya kukatika.

Hivi ndivyo tunavyoupika sasa, na kipimo hiki kinatoa piza moja ya upana wa sentimita 30. Chukua gramu 100 za unga wa mchele, gramu 100 za unga wa mtama mweupe, na gramu 100 za wanga wa mhogo. Ukiukosa, wanga wa mahindi unafaa. Mchele hutoa wepesi, mtama hutoa ladha na rangi, na wanga hutoa ulaini. Changanya na vijiko viwili vya chakula vya isabgoli, yale maganda mepesi ya mbegu yanayouzwa katika maduka ya dawa kwa ajili ya kulainisha choo. Maganda hayo yakikutana na maji hugeuka kuwa ute unaonata, na ute huo ndio unaoshika nafasi ya gluteni. Tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi, viwili vya sukari, na kimoja na nusu cha hamira ya chenga. Ongeza mililita 330 za maji ya uvuguvugu na vijiko viwili vya chakula vya mafuta, kisha koroga kwa mwiko kwa dakika tatu. Utapata uji mzito sana, mzito kupita wa vitumbua, unaosimama kwenye mwiko. Ufunike na uuache mahali penye joto kwa dakika 45.

Tandika karatasi ya kuokea kwenye trei na uipake mafuta. Mimina uji katikati, chovya mgongo wa kijiko katika maji, uutandaze taratibu hadi ubaki unene wa kama sentimita moja, na ukingo uwe juu kidogo. Siri iliyobaki ni hii: uoke mkate wenyewe kwanza, mtupu, katika oveni yenye moto wa nyuzi 220 kwa muda wa dakika 15, hadi uso ukauke na ukingo uanze kugeuka rangi. Ukitia sosi juu ya uji mbichi, katikati hapataiva. Baada ya hapo paka sosi ya nyanya iliyokaushwa maji, tandaza jibini na nyama ya kuku au kitoweo ukipendacho, urudishe kwa dakika 10 hadi 12. Asiye na oveni atumie sufuria pana yenye kitako kizito, makaa machache chini na mengi juu ya mfuniko, kama bibi zetu walivyofanya.

Yako mambo ya kuangaliwa. Unga wa mtama au wa mchele uliosagwa katika mashine iliyotoka kusaga ngano haufai. Sisi tunaosha mchele, tunaukausha na kuusaga nyumbani kwa blenda. Chekeche, kibao na mwiko wa mbao vilivyozoea ngano vibadilishwe. Soseji nyingi hutiwa unga wa ngano, na sosi ya soya ya kawaida nayo huwa na ngano, basi kisome kila kibandiko kabla ya kununua. Tambi, semolina na kuskusi ni ngano kwa majina mengine. Piza ya Forodhani nayo hufungwa kwa manda ya ngano. Hata talbina, uji wa shayiri ambao Waislamu wengi humpikia mgonjwa kwa nia njema, haumfai mgonjwa huyu, kwani shayiri ina gluteni. Na mzazi anayemshuku mtoto wake kuwa na siliaki asimkatishe ngano kabla ya kumpeleka kupimwa, kwa sababu mtu aliyekwisha kuacha gluteni vipimo vyake vinaweza kuonyesha kuwa hana kitu.

Hapana shaka yuko atakayeuliza: kwa nini nyumba nzima ibadilike kwa ajili ya mtoto mmoja? Jibu la kwanza ni la usalama, kwani jiko lisilo na ngano halihitaji mlinzi. Jibu la pili ni la moyo. Wadogo zake wanapotaka chapati huila kwa shangazi yao, wakanawa na kurudi. Hawakupungukiwa na chochote. Lakini yeye amepata kitu ambacho sahani ya peke yake isingempa. Nchini Italia, kwenye asili ya piza, sheria ya mwaka 2005 inawapa wenye siliaki haki ya kupata chakula kisicho na gluteni katika mikahawa ya shule na taasisi za umma wanapokiomba. Taifa linaloishi kwa ngano limewatafutia nafasi mezani. Je, sisi wenye mchele, mtama, uwele, ulezi, mahindi na mhogo, tutashindwa?

Kwa hiyo, ndugu msomaji, unapoalika watu kwa futari au kwa Iddi, muulize mgeni mapema kama yumo katika watu wake asiyekula kitu fulani. Kisha usimpikie huyo chakula chake peke yake. Pika wali wa nazi, mhogo, vitumbua, mkate wa kumimina, ukavitenge mbali na sambusa na kaimati, uwaambie wageni wote wale. Mama mkwe wangu sasa ndiye anayekoroga uji wa piza kila Ijumaa baada ya Alasiri. Maandazi ya ngano hayapiki tena, ila husema kwamba piza hii ingekuwa bora lau ingetiwa iliki. Kwa hilo bado hatujakubaliana naye.