Juu ya Kutunza Nywila Shuleni

Katika sekondari tulizopata kuzitembelea wilayani Handeni na Korogwe, aghalabu mwalimu wa kompyuta tulimkuta ni mmoja tu, naye ndiye fundi wa simu za wenzake, mpiga chapa wa mitihani na mwingizaji wa alama. Elimu ya mashine anayo. Ukimwuliza habari za virusi atakueleza bila kusita. Lakini nywila yake waijua walimu watatu au wanne, na mahali pamoja tuliikuta imebandikwa juu ya kompyuta yenyewe.

Tulipouliza sababu, tulijibiwa kwamba ukimnyima mwenzako nywila wakati anataka kumalizia alama, utaonekana mchoyo. Hapa ndipo penye ugumu hasa. Tumelelewa kuombana chumvi na moto. Leo twaombana na nywila.

Kompyuta ile ina majina ya watoto, alama zao na namba za simu za wazazi. Tapeli aliyeipata orodha hiyo hahitaji werevu mwingi: humpigia mzazi, akamtaja mtoto kwa jina, akasema kaanguka shuleni, fedha za matibabu zitumwe upesi. Mama aliye shambani huko Mkata atapata wapi nafasi ya kusita? Ipo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na ile ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Ipo pia namba 15040 ya kuripotia matapeli. Yote hayo, kwa kawaida, hufika fedha zikiwa zimekwisha kwenda.

Wanachuo watauliza, yatuhusu nini sisi wa shule za msingi? Mtoto hufika sekondari na mazoea yake. Nasi tulilijaribu somo hili katika darasa la tano, bila kompyuta hata moja. Kila mtoto alichagua neno la siri, akaliandika, akalikunja mfukoni. Kisha mwenzake alitumwa amwombe kwa upole, halafu kwa ukali, halafu kwa kujifanya mwalimu mkuu. Ukali waliushinda wengi. Kwa “mwalimu mkuu” walitoa karibu wote.

Mjadala uliofuata ulimaliza kipindi, wala hatukuukatiza. Mtoto mmoja aliuliza kama ni adabu kumkatalia mkubwa. Tulimweleza kwamba mwenye mamlaka ya kweli juu ya kompyuta hana haja ya nywila ya mtu. Anazo njia zake za kuifungua. Hakuridhika.

“Na mwalimu ukiniomba je?”

Tukamwambia asitupe.