Kompyuta ilisema sawa, shangazi akakataa!

Jamani, mwenzenu nusura niadhirike kijijini kwetu Mwamanyili, tena mbele ya mzee wangu! Na aliyeniokoa si DJ mwenzangu. Ni shangazi, mwalimu wa kwaya ambaye hata kuwasha kompyuta hajui.

Ilikuwa harusi ya mdogo wangu. Nikashuka Busega na vyombo vyangu kutoka Mwanza: maspika, jenereta, kompyuta na daftari. Mzee hajawahi kuikubali kazi hii. Husema, "Muziki unajicheza wenyewe, wewe unalipwa kwa lipi?" Nikajiapiza, leo ataona.

Saa nne usiku, vijana wamechangamka, nikaingiza muziki wa hausi. Kwa wasioujua, ulianzia Chicago, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwenye klabu ya Warehouse alikokuwa akipiga marehemu Frankie Knuckles. Mwendo wake mara nyingi ni midundo kama 118 hadi 130 kwa dakika. Haukimbii kama singeli inayopita 200, kwa hiyo DJ anapata nafasi ya kuunganisha nyimbo mbili mpaka mchezaji asijue moja imeishia wapi.

Basi bwana, uliokuwa unapiga ulikuwa na midundo 125. Uliofuata una 118. Nikausukuma mpaka 125, ngoma zikaenda sambamba kama askari wa gwaride. Na kii je? Daftarini zote nimeziandika 8A. Hizo ni namba zetu madijei: kii zote 24 zimepangwa kama saa ya ukutani, 1 hadi 12, A ni maina na B ni meja (siyo yule wa jeshi!). Wimbo wa 8A unakaa vizuri na 8A mwenzake, na majirani zake 7A na 9A, au na 8B. Nikajua nimemaliza.

Nikapandisha sauti. Wee! Kinanda cha huku na mwimbaji wa kule wakawa kama wake wenza wamekutana kisimani. Wachezaji wakapoa, mmoja mmoja wakaanza kurudi vitini. Nikatazama kompyuta: 125 kwa 125. Nikamtazama mzee: kanikodolea macho. Jasho likanitoka.

Mara shangazi huyu hapa, kaniinamia sikioni. "Mwanangu, hao wawili kila mmoja anaimba na do yake. Huyo wa pili kapanda nusu sauti."

Nusu sauti! Hapo ndipo akili ikanirudia. Ukiongeza mwendo wa wimbo bila kufunga kii, sauti nayo inapanda, kama kaseti inayozungushwa haraka. Kutoka 118 hadi 125 ni karibu asilimia 6, na asilimia 6 ndiyo hiyo hiyo nusu sauti. Daftarini ulikuwa 8A, kwenye spika umeshakuwa 3A. Hawajuani kabisa!

Sisi Wasukuma tuna Bagika na Bagalu, wanaokutana uwanja mmoja, kila kundi na ngoma yake, mshindi ni mwenye watu wengi. Hayo ni mashindano. Mimi nilikuwa nawashindanisha watu wa harusi moja.

Nikautoa ule wimbo mpya, nikauacha wa kwanza ufike kwenye kipande cha ngoma tupu. Nikabonyeza kitufe cha kufunga kii, nikauingiza upya taratibu. Safari hii ukateleza. Vumbi likatimka mpaka bwana harusi akavua koti.

Kumbe shangazi kila Jumapili anafanya kazi yangu. Kabla kwaya haijaanza anatoa sauti kwanza, wote waishike do moja, ndipo anahesabu mwendo. Mimi nilihesabu mwendo, do nikaiachia daftari. Siku hizi navaa hedifoni na kusikiliza nyimbo zote mbili pamoja kabla watu hawajazisikia.

Asubuhi, kwenye chai, mzee akakohoa. "Jana pale palipoharibika, ulitengenezaje?"

Vijana wenzangu, miaka yote hiyo hilo ndilo swali lake la kwanza kuhusu kazi yangu. Nikasogeza kiti, nikaanza kumweleza. Chai ikapoa.