Swali la mezani lililonirudisha Msangano

“Baba alijuaje?”

Aliyeuliza ni mwigizaji niliyempa nafasi ya baba katika tamthiliya yangu ya kwanza. Nilikuwa mwaka wa mwisho Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na siku hiyo tulikaa kuizunguka meza, watu tisa, kila mmoja na karatasi zake. Tulikuwa tumefika mahali ambapo baba anaingia jikoni na fimbo, tayari anajua kwamba binti yake ana mimba.

“Ukurasa wa 13 hajui kitu,” alisema. “Ukurasa wa 14 anajua kila kitu. Nani kamwambia?”

Nilijibu kwamba wazazi hujua tu. Hakuna aliyeridhika. Mwongozaji alisema tuendelee kusoma, ila alichora duara kubwa kwenye karatasi yake.

Wengi tunadhani mtu hujifungia chumbani, anaandika mchezo, kisha waigizaji wanakariri. Pale chuoni nilikuta kazi mpya ikipikwa kwa moto wa taratibu. Kwanza inasomwa mezani, bila mavazi wala jukwaa. Mwandishi anakaa kimya na kusikiliza sentensi zake zikitoka midomoni mwa wengine. Zile za uongo husikika haraka, kwa sababu mwigizaji anakwama. Baada ya hapo watu wanauliza, unakwenda kuandika upya, mnasoma tena. Watazamaji wachache wanaalikwa, nao wanauliza yao. Mchezo unaweza kupita hapo mara nne au tano kabla ya mtu kupanda jukwaani.

Chuo hicho kina historia ndefu ya kuwaamini vijana wanaoanza kuandika. Ebrahim Hussein hakuwa amefika miaka 30 “Kinjeketile” ilipochapishwa mwaka 1969. Penina Muhando naye alikuwa wa umri huohuo “Hatia” ilipotoka mwaka 1972. Baadaye yeye, Amandina Lihamba na Ndyanao Balisidya waliandika pamoja “Harakati za Ukombozi”, mchezo mmoja wa mikono mitatu.

Walimu hao pia waliitoa kazi nje ya chuo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 walikwenda Malya, mkoani Mwanza, wakakaa na wanakijiji, wakawauliza wanasumbuliwa na nini, kisha mchezo ukatengenezwa na wanakijiji wenyewe. Moja ya mambo yaliyojitokeza huko ni mimba za wasichana. Mwaka 1996 Mlama (ndilo jina ambalo Penina Muhando analitumia sasa) na Lihamba walianzisha Tuseme, ambamo wanafunzi wa kike wa sekondari huchambua matatizo yao na kuyaigiza kwa sauti zao.

Haya yote nilikuwa nimeyasoma na kuyajibia mtihani. Lakini usiku ule sikulala, kwa sababu jibu la swali la mezani nilikuwa nalo.

Aliyemwambia baba ni mimi.

Nilikuwa na miaka 12, nasoma darasa la tano kwetu Msangano. Dada yangu alikuwa kidato cha pili. Nilimwona asubuhi tatu mfululizo akitapika nyuma ya choo. Baba aliponiuliza kwa nini dada hali, nilisema nilichokiona. Sikujua maana yake. Jioni baba aliingia jikoni na fimbo. Wiki iliyofuata dada alipelekwa kwa bibi, na shule ikaishia hapo. Miaka ile mwanafunzi akipata mimba alifukuzwa, na ruhusa ya kurudi masomoni baada ya kujifungua ilikuja Novemba 2021, dada yangu akiwa mama wa watoto watatu.

Katika mchezo wangu nilimweka baba, mama, dada, hata jirani mwenye maneno mengi. Mvulana wa miaka 12 sikumweka.

Likizo ilipofika nilipanda basi hadi Tunduma, nikapita ile foleni ya malori ya mpakani, nikateremka bondeni kwetu. Nilimkuta dada anapepeta ufuta. Nikachukua ungo mwingine nikakaa karibu naye. Ilinichukua nusu gunia kufungua mdomo.

“Dada, mimi ndiye niliyemwambia baba.”

Hakuacha kupepeta. “Nilijua siku ileile, mdogo wangu. Nani mwingine alikuwa anaamka mapema?”

Nikamwomba msamaha. Akacheka kidogo.

“Tumbo halifichiki. Usingesema wewe, lingesema lenyewe. Kilichoniuma si hicho. Kilichoniuma ni kwamba ulikuwa unaletwa kwa bibi kila Jumapili, na mwaka mzima hukunisemesha. Hukuniuliza hata kama nimekula.”

Hilo nilikuwa nimelisahau kabisa. Au niliamua kulisahau.

Niliporudi chuoni niliandika upya. Mvulana aliingia, na baada ya hapo dada naye akapata maneno. Ndipo nikagundua kwamba katika rasimu ya kwanza watu wote walimzungumzia, na yeye mwenyewe alikuwa akilia tu. Tuliposoma tena, yule mwigizaji alifika ukurasa wa 14 na hakukwama.

Leo ni mwandishi wa habari za afya. Nakaa kliniki na mabinti wa miaka 16 waliobeba mimba, nikiwa na daftari lenye maswali kuhusu wiki za ujauzito, damu na umbali wa zahanati. Siku hizi, kabla ya yote hayo, naanza na lile la dada yangu: “Umekula?” Mara nyingi hapo ndipo mazungumzo ya kweli yanapoanzia.

Dada ameniruhusu kuandika haya mradi nisitaje jina lake. Baba bado sijamsomea mchezo. Nimeuchapa upya kwa herufi kubwa kwa ajili ya macho yake, na mwezi ujao nakwenda nyumbani.

Nawe msomaji, hadithi ile ya familia yenu ambayo kila mtu anaijua, ni nani ndani yake ambaye hajawahi kuulizwa kitu? Anza naye.