Vistari Vitatu

Mara ya kwanza kuviona vile vistari nilikuwa nimekaa nyuma ya nahodha, tumetoka Kilindoni kuwatafuta potwe. Skrini ya kwenye dashibodi ilikuwa inaonyesha mzunguko wa mashine zote mbili, joto lake na mafuta yaliyobaki. Ghafla namba zote zikafutika, na mahali pa kila namba pakabaki vistari vitatu. Geji mbili za duara za pembeni, zile zenye mishale, zikaanguka mpaka sifuri kwa pamoja. Kabla sijafungua mdomo, kila kitu kikarudi kama kilivyokuwa.

"Zimezoea hizo," nahodha akasema bila kugeuka. "Usizijali."

Mashine zenyewe hazikuwa zimekohoa hata mara moja. Boti ilikuwa inakata maji vizuri tu, wageni wanapiga picha, na mimi nikarudi kuangalia bahari.

Boti ni ya mjomba wangu. Ni ya faiba, ina mashine mbili za nje, na kazi yake ni kupeleka wageni kumwangalia papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, ambaye msimu wake pale Mafia huanza Oktoba hivi na kuendelea mpaka karibu Machi. Nahodha alikuwa na mjomba tangu enzi za boti ya mbao. Mimi ni mwandishi wa habari Dar. Kila nikipata likizo napanda basi Mbagala mpaka Nyamisati, kisha boti mpaka Kilindoni, na nikifika huko najifanya mtu wa baharini kwa wiki mbili.

Siku tatu baada ya ile safari, tulikuwa tunarudi na wageni sita. Niliona joto la mashine ya kulia limepanda. Nahodha naye aliliona, maana nilimwona akiitazama ile namba. Halafu vistari vikaja. Namba iliporudi ilikuwa juu zaidi. Vistari vikaja tena. Nahodha akapiga skrini kwa kiganja, kama tunavyofanya na redio, akaendelea kushika usukani. Mashine ya kulia ikajipunguza mwendo yenyewe. Yeye akasukuma mkono wa gia mbele. Kijana wa boti ndiye aliyegeuka nyuma akapiga kelele kwamba mashine haikojoi. Ule mchirizi mwembamba wa maji unaotoka ubavuni kuonyesha kwamba maji ya kupoza yanazunguka haukuwepo. Tukasikia harufu ya kitu kinachoungua, mashine ikazima, na haikuwaka tena.

Tulirudi na mashine moja, jua limeshazama, bahari imechafuka, mgeni mmoja analia. Hakuna aliyeumia. Kwenye mdomo wa kuingizia maji tulikuta kipande cha rambo, ile mifuko iliyopigwa marufuku tangu Juni 2019 lakini baharini bado ipo. Pistoni zilikuwa zimekwaruza silinda. Injini imenoki.

Mjomba hakusubiri hata kuche. "Geji inakuonyesha joto limepanda, wewe unaangalia nini?" alimuuliza nahodha pale pale ufukweni, mbele ya watu. Nahodha akajibu, "Nilijua ni zile zile." Mjomba akamwambia hataishika boti yake tena. Mzee akachukua viatu vyake, akaondoka zake pekupeku juu ya mchanga.

Sote tulisimuliwa shuleni ile hadithi ya mchunga kondoo aliyepiga kelele za uongo mpaka kijiji kikaacha kumwamini. Funzo lake huwa linamwangukia mtoto: usiseme uongo. Sikumbuki mwalimu aliyewahi kuwalaumu wanakijiji. Kumbe pale Kilindoni tulikuwa tumeigeuza hadithi. Tulimfukuza mwanakijiji, na hakuna aliyemuuliza mtoto kwa nini alikuwa anadanganya.

Aliyeuliza ni fundi. Mjomba alimwita kutoka Dar kuja kufungua mashine, lakini yeye akakataa kugusa spana kabla hajasikia habari za geji. "Nikiweka mashine mpya nikaacha huu ugonjwa, na hiyo nayo itakufa," alisema. Alikuwa kijana, pengine mdogo kwangu kwa miaka mitano, na aliuliza maswali kama mhariri mzuri. Zinapotea lini? Asubuhi au jioni? Boti ikiwa kasi au imesimama? Inapotea moja au zote mbili?

Zote mbili, nikamwambia. Kwa pamoja.

Akatabasamu. "Basi mashine hazina kosa, na sensa hazina kosa."

Ilibidi nimkatize. Tangu 2022 neno sensa kwangu lilikuwa na maana moja tu, karani anayebisha hodi asubuhi kuuliza mmelala wangapi. Yeye alikuwa na maana ya vile vidude vinavyopima joto na presha ya mafuta. Akanieleza kwamba wagonjwa wawili hawaanguki sekunde moja kila mmoja kwa ugonjwa wake. Wakianguka pamoja, kachunguze kisima wanachokunywa wote.

Kisima chenyewe ni waya mmoja. Zamani kila geji ilikuwa na waya wake kutoka kwenye mashine, kwa hiyo ikifa moja nyingine zinaendelea. Siku hizi boti nyingi zina waya mkuu mmoja, mafundi wanauita uti wa mgongo, na kila kifaa kinaning'inia juu yake kwa tawi fupi. Mashine, geji, skrini na GPS vyote vinazungumza humo humo kwa zamu. Utaratibu huo unaitwa NMEA 2000, na lugha yake imetokana na ile iliyotengenezwa na Bosch miaka ya 1980 kwa ajili ya magari. Ndani kuna nyaya mbili za umeme na mbili za maneno, nyeupe na ya buluu. Hizo mbili zikisumbuliwa, kila mtu kwenye boti anakuwa bubu kwa wakati mmoja.

Siku ya kwanza alipima betri wakati wa kuwasha, maana umeme ukishuka sana vifaa vinakata kauli. Volti zilikuwa nzuri. Akasafisha vichwa vya betri na waya wa ethi hata hivyo. Tukatoka na mashine moja, nusu saa nzima hakuna vistari. Mjomba akashangilia. Fundi hakushangilia. "Kosa la kuja na kuondoka linampa kila fundi sifa asiyostahili," alisema. Kumbe ndivyo ilivyokuwa miezi yote ile. Mmoja alikaza nati, wakapona siku mbili. Mwingine akapulizia dawa ya kutu, wakapona wiki. Kila mmoja alilipwa.

Siku ya pili vistari vilirudi. Akafungua viungo kimoja kimoja, akivitikisa huku mimi naangalia skrini. Viwili vilikuwa na ukijani wa chumvi ndani. Akavibadilisha. Bado.

Siku ya tatu akazima umeme wote, akachomoa kiungo kimoja, akagusisha mita yake kwenye pini ya nne na ya tano, ile nyeupe na ile ya buluu. Akaniita nisome.

"Mia na ishirini," nikasema.

"Inatakiwa sitini."

Akanifafanulia taratibu. Kila ncha ya uti wa mgongo inatakiwa kuwa na kizibo chenye ukinzani wa omu 120 ndani yake. Viwili vikiwa sambamba, mita inasoma 60. Kazi yake ni kuyameza maneno yakifika mwisho wa waya. Kikikosekana kimoja, maneno yanagonga ukuta na kurudi kama mwangwi, yanakutana na yanayokuja, na vifaa vinashindwa kujua kipi kilisemwa sasa na kipi kilisemwa kabla. Waya ukiwa mfupi na viungo visafi, mtandao unaweza kuvumilia. Chumvi ikianza kuingia, uvumilivu unaisha. Ndiyo maana tatizo halikuanza siku kizibo kilipotolewa.

"Kilipotolewa?" nikauliza.

Akakifungua kile kimoja kilichobaki, kule nyuma karibu na mashine, akaniwekea kiganjani. Kidude cheusi, kifupi, kama kifuniko. "Huyu ana ndugu yake. Alikuwa ncha ya mbele, hapa ilipofungwa hii skrini. Aliyeifunga alichomoa kizibo akachomeka skrini mahali pake. Badala ya kuongeza tawi, akakata mkia."

Nilikijua kile kidude. Nilikuwa nimekishika Idi iliyopita, nilipomletea mjomba zawadi ya skrini na kuifunga mwenyewe kwa kuangalia video kwenye simu. Plagi iliingia vizuri, skrini ikawaka, watu wakapiga makofi. Kile kizibo nilidhani ni kifuniko cha kuzuia vumbi. Nikakitia kwenye mfuko wa begi la kamera.

Ningependa kuandika kwamba nilisema pale pale. Sikusema. Nilimrudishia fundi kizibo chake nikasema, "Aisee." Mjomba akauliza ni nani basi aliyefunga, halafu akakumbuka mwenyewe, akaniangalia, akaondoa macho. Hakutaka kunivunjia heshima mbele ya fundi. Usiku ule nilipekua begi. Kilikuwepo, pamoja na kipande cha kalamu na tiketi ya zamani.

Kazini kwetu, gazeti likikosea kwenye ukurasa wa kwanza, tunasahihisha ukurasa wa tatu, kona ya chini, kwa herufi ndogo. Nimeandika masahihisho ya namna hiyo mengi tu na usingizi haukunipotea. Usiku ule sikulala. Nilifikiria pia lile neno letu jingine, "hakupatikana". Tunampigia mtu simu mara mbili, haipokelewi, tunaandika hakupatikana, na msomaji anasoma kwamba mtu hana la kusema. Ndiyo tofauti ya skrini na zile geji za mishale. Skrini ilikuwa na adabu ya kuweka vistari, yaani sijasikia. Mishale ilianguka sifuri, yaani hakuna kitu. Mashine zilikuwa zinafanya kazi muda wote.

Asubuhi nilimwambia mjomba kila kitu. Akaniambia, "Mama, lakini wewe hukuwa kwenye usukani." Hapo ndipo nilipomuuliza habari za king'ora. Maana boti ile ilikuwa na king'ora cha tahadhari, na siku ya ajali hakikulia. Akanyamaza kidogo. Tangu Novemba kilikuwa kinalia kila mawasiliano yanapokatika, wageni wakawa wanaogopa, na yeye ndiye aliyemwambia nahodha achomoe waya.

Tukaenda wote wawili kwa nahodha. Alikuwa chini ya mwembe anatengeneza wavu. Nikamwamkia, nikakaa chini, nikatoa kizibo mfukoni na kumweleza. Alikigeuzageuza muda mrefu.

"Sasa hiki ndicho kilikuwa kinanifanya mjinga?"

"Ni mimi, mzee. Si hicho."

"Siku ile geji ilisema kweli," akasema. "Niliiona. Sikuwa naisoma tena, basi." Akanirudishia. Hakuniambia nimesamehewa, na sikumwomba aniambie. Mjomba akamwomba radhi kwa maneno aliyomwambia ufukweni, akamtaka arudi. Mzee akasema atarudi, ila kwa sharti moja, king'ora kirudishwe na kisichomolewe hata kama mgeni ni rais.

Fundi aliongeza tawi kwa ajili ya skrini na kukirudisha kizibo mwisho wa waya, kile kile cha kwenye begi langu. Mita ikasoma 60. Mashine mpya ya kulia ilikuja miezi miwili baadaye, msimu umeshaisha, kwa mkopo ambao mjomba bado anaulipa na mimi namchangia kila mwisho wa mwezi.

Nilipanda tena boti ile Idi iliyofuata. Kabla ya kuwasha, nahodha anazungusha ufunguo nusu na kusubiri king'ora kilie mara moja, ndipo anawasha. Halafu anageuka nyuma kuangalia kama mashine zinakojoa, kushoto, kisha kulia. Ndipo anaisoma skrini. Safari nzima hakuna vistari vilivyokuja. Lakini nilimwona, kila baada ya dakika chache, anaiangalia ile skrini kwa jicho la pembeni, kisha anageuka tena nyuma kuhakikisha maji yanatoka.